Tisa Zisizokoma

Je, mtu aliyethibitishiwa jambo mbele ya macho yake ana haki ya kulikataa? Thuluthi moja ni 0.333…, tatu zikiendelea bila kikomo. Hilo wanachuo wangu wa ualimu hawakulibishia kamwe. Lakini zidisha mara tatu. Thuluthi tatu ni 1, na zile tatu zisizokoma zinageuka tisa, yaani 0.999… Kwa hiyo hizo ni namba moja iliyoandikwa kwa njia mbili. Hapo, kila mwaka, darasa lilichafuka: "Zinakaribia tu, Mwalimu, hazifiki!"

Ningeweza kuwanyamazisha, maana mtihani niliutunga mimi. Ila aliyekubali kwa woga atakwenda kufundisha woga. Nikawaambia: basi nitajieni pengo lililobaki. Kila walilotaja, hata liwe dogo namna gani, tisa kadhaa tu zilitosha kulipunguza zaidi. Nadhani kinachotupotosha ni neno "kukaribia": tunaziona tisa kama msafiri aliye njiani, ilhali hazisafiri, zote zimekwisha kuwapo.

Wapo waliosema, "Siwezi kukanusha, lakini moyo haujakubali." Hao sikuwahesabu kuwa wabishi, wasiwasi wangu ulikuwa juu ya waliokwisha kunakili na kufunga daftari.