Je, Maji ya Lambo ni Mali ya Nani?

Swali hili naliulizwa na mtoto mmoja darasani wakati wa kiangazi, wala siku ile sikuweza kulijibu. Tulikuwa tukifanya hesabu za ndoo na madebe. Mtoto akainua mkono, akasema, "Mwalimu, mvua yatoka kwa Mungu, na maji ya lambo ni mvua. Basi mtu akichota mengi kupita wenzake, ameiba nini, naye amemwibia nani?" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, kwa maana neno lile lilinichoma moyo, kama nitakavyoeleza.

Sisi watu wa Manyamanyama na vijiji vya Bunda twakaa katika nchi ya ajabu. Upande wa magharibi liko Ziwa Victoria, lenye eneo la kilometa za mraba karibu 68,800, nalo ni kubwa kupita maziwa yote ya Afrika. Hata hivyo, katika vijiji vilivyo mbali na bomba, mwezi wa Agosti utamkuta mama njiani kabla ya jua kuchomoza, ndoo kichwani, akienda kutafuta maji. Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Ziwa la mbali halipiki ugali. Kwa hiyo wazee wetu walichimba malambo, wapate kuyazuia maji ya masika yasipite bure, na mpaka leo ng'ombe na watu wa vijiji vingi huvuka kiangazi kwa maji hayo.

Sasa niseme habari yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nalikuwa na bustani ya nyanya na vitunguu ukingoni mwa lambo moja. Ilikuwa ndogo, nayo ilinipa fedha za sare na madaftari ya watoto wangu. Niling'oa majani ya ukingoni, nikalima mpaka karibu na maji, ili nisichoke kubeba ndoo. Watu wengine walikuwa wamefanya vivyo hivyo kabla yangu, na wengine wakafuata. Mvua ilipokuja, ule udongo tulioulegeza kwa majembe uliteremka lamboni. Mwaka wa kwanza hatukuona kitu. Mwaka wa pili maji yalikuwa mekundu. Mwaka wa tatu lambo likakauka mapema, mvua zikiwa bado mbali, na akina mama wakaanza kwenda mwendo mara mbili ya ule wa zamani. Mmoja wao alikuwa mjane jirani yangu, ambaye hakuwa na bustani wala ng'ombe. Alipita mbele ya nyumba yangu kila asubuhi na ndoo yake, akanisalimu kwa heshima, "Shikamoo, Mwalimu," wala hakujua kwamba safari yake ndefu ilitoka katika jembe langu. Ndiyo sababu sikucheka pamoja na watoto.

Basi na tulitazame swali. Mtoto alisema kweli kwamba mvua haina mwenyewe. Hakuna mtu aliyeilipia wingu. Lakini maji ya lambo si mvua tu; ni mvua iliyohifadhiwa. Ndani yake mna jasho la waliochimba na kubeba udongo vichwani, na mna subira ya wale waliokunywa kidogo jana ili yabaki ya kesho. Mvua ni zawadi, na kuhifadhi ni kazi. Mtu aharibuye lambo haibi mvua. Aiba kazi ya wenzake na subira yao. Tena aiba siku. Maji yangalitosha mpaka mvua, naye ameyafanya yaishe kabla. Siku zile zilizopotea ni mali ya watu, na mara nyingi ni mali ya maskini, kwa kuwa tajiri ana baiskeli au punda wa kumletea maji ya mbali.

Wako watakaojibu, "Lakini bustani yangu ni moja tu. Ng'ombe wangu ni wanne tu. Hata nikiacha mimi, lambo halitapona." Neno hili ni gumu, maana lina ukweli ndani yake. Bustani yangu peke yake isingaliweza kulijaza lambo udongo. Kila mmoja wetu aweza kuapa kwamba si yeye aliyeliua, na kiapo chake kisiwe cha uongo. Lakini lambo limekufa. Je, limekufa bila kuuawa na mtu? La hasha. Bandu bandu huisha gogo, wala hakuna kipande kimoja kinachoweza kusema, "Mimi ndimi niliyelimaliza." Nimefikiri sana, nami naona kosa haliko katika udogo au ukubwa wa bustani. Kosa liko hapa: nalitaka watu wote waiache kingo ya lambo, ila mimi peke yangu. Kama wote wangaliiacha, mimi ningalipata bustani nzuri na maji tele. Basi nalikuwa nikila katika utii wa wenzangu, huku mwenyewe sitii. Mtu akitaka kujua kama jambo lake la maji ni halali, asiulize, "Je, tendo langu moja laleta madhara?" Na aulize, "Je, naweza kusimama barazani na kuomba kila mtu afanye kama nifanyavyo?" Mimi nisingaliweza.

Kwa hiyo maji machache yataka sheria, na jambo hili si geni. Katika kitabu cha Mwanzo twasoma habari za kisima cha Harani, ambacho wachungaji hawakukifungua mpaka makundi yote yamekusanyika, ndipo wakaliondoa jiwe kubwa lililokuwa kinywani mwake. Jiwe lile lilikuwa sheria yao. Nchi yetu pia inazo sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza kazi za kudumu, na kazi zinazoweza kuharibu, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka mahitaji ya lazima ya binadamu mbele ya matumizi mengine yote, na baada yake maji ya kuhifadhi mazingira. Ndipo yafuate mengine. Tena ilikusudia kwamba kila mtu wa kijijini apate lita 25 kwa siku, na asitembee zaidi ya meta 400. Angalieni taratibu hiyo. Ndoo ya mjane yaja kabla ya kundi la ng'ombe, na kundi la ng'ombe halina haki ya kuitangulia kwa sababu mwenyewe ni mtu mkubwa.

Hapo wengine huuliza habari za fedha. Wasema, "Ikiwa maji ni zawadi, mbona twatozwa kwenye bomba na kisima?" Twatozwa kwa sababu ya ile kazi, yaani pampu, mabomba, na fundi wa kuvitengeneza. Kulipa si kumnunua Mungu. Lakini kamati inayomrudisha mjane na ndoo tupu kwa kukosa shilingi imesahau kwamba kazi ile ilifanywa kwa ajili ya uhai. Haki ni hii: mwenye kutumia mengi kwa faida yake alipe zaidi, na ndoo ya kunywa isizuiwe kwa mtu yeyote.

Sasa natoka lamboni niende mbali kidogo. Mto Mara huanzia katika misitu ya Mau huko Kenya, hupita Serengeti, kisha huingia ziwani karibu na Musoma. Miti ya Mau ikikatwa, sisi wa Mara twapokea mafuriko na tope. Twalalamika, na malalamiko yetu ni ya haki. Lakini maji ya ziwa letu nayo hutoka Jinja, huingia Nile, huenda Sudani na Misri. Mwaka 1929 Uingereza na Misri zilipatana kwamba pasifanyike kazi juu ya Nile na maziwa yake ya kupunguza maji ya Misri bila ridhaa ya Misri. Wala wenyeji wa hapa hawakuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika huru ilitangaza kwamba haifungwi na mapatano hayo, na kanuni hiyo hata leo huitwa kwa jina la Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama. Mwaka 2010 Tanzania na nchi nyingine zilitia sahihi mkataba mpya wa kuutumia mto kwa haki, nao ukaanza kufanya kazi mwaka 2024. Nimetaja haya ili mwone kwamba hakuna mtu aliye wa juu tu, wala aliye wa chini tu. Kila mmoja yu juu kwa mtu mmoja na chini kwa mwingine. Yale tuyatakayo kwa watu wa Mau, ndiyo watuombayo watu wa chini yetu. Na watoto watakaozaliwa kesho wote wako chini yetu, wala hawawezi kuja barazani kujitetea.

Yatupasa kufanya nini? Ng'ombe wasiingie lamboni, bali wanyweshwe nje katika hori. Ukingo uachwe na majani yake, kwa maana majani huchuja udongo. Tope liondolewe kila kiangazi, na lambo liwe la kina kuliko upana, kwa kuwa jua hunywa mengi zaidi katika maji mapana. Tena tusidharau bati. Bati lenye urefu wa meta 10 na upana wa meta 6 likinyeshewa milimeta 20 hupokea lita 1,200. Hata yakipotea kidogo kwa kuruka, nyumba ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 25, hupata maji ya juma zima.

Mimi niliiacha bustani ile, nikapanda majani. Siku ya kuondoa tope nalikwenda na jembe langu, na mbele ya watu nikasema niliyoyatenda. Mjane alikuwapo. Hakusema neno, alinipa karai, nikaanza kubeba.

Na yule mtoto nilimjibu hivi: "Mwanangu, mvua ni ya Mungu. Lambo ni la waliochimba. Na maji yaliyomo ni ya yule ambaye hajafika bado kuchota."