Jipi Imeuzwa: Tununue ya Namna Gani?



Munajua kama jipi ya kanisa, ile tuliyokuwa nayo miaka kumi na miwili, imeuzwa. Mchuuzi mmoja wa mahindi alitoa dolare 9.000, na feza ile iko mikononi mwa mtunza-feza. Tangu hapo, kila siku ya Mungu ibada ikiisha, watu wanasimama chini ya mwembe na maneno ni yale yale: tununue gani? Mmoja anataka Prado mpya. Mwingine anataka Land Cruiser kubwa yenye V8 na viti vya ngozi, maana, anasema, kiongozi wetu hawezi kushuka chini ya pale alipokuwa. Kijana mmoja alileta picha katika simu, jipi nyeupe iliyo Dubai, na watu wakaipitisha mkono kwa mkono kama vile wanaonyeshana mtoto mchanga. Hakuna aliyeuliza bei mpaka simu ilipomrudia mwenyewe.

Sisi tunaoandika tumo katika komite ya kununua. Tunataka kuweka mawazo yetu hapa mbele ya wote, ili kesho mtu asiseme tuliyaficha. Ulizo hili si la motokari tu. Ni ulizo la zamani: heshima ya mtu wa Mungu inakaa wapi, na nani anailipa?

Kwanza tuseme kwa haki, wandugu wanaotaka jipi kubwa si wajinga. Wana sababu, na sababu yenyewe ina mizizi mirefu. Kumbukeni Simon Kimbangu. Alikamatwa mwaka 1921, akahukumiwa kufa, kisha mfalme Albert wa Wabeljiji akageuza hukumu ile kuwa kifungo cha maisha. Akaletwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, katika Katanga yetu hii, na hapo akafa tarehe 12 Oktoba 1951 akiwa angali mfungwa. Miaka makumi tatu. Na waaminifu wengi wa makanisa ya manabii weusi walitolewa kwao wakapelekwa mbali, wengine hawakurudi. Siku zile motokari ilikuwa kitu cha leta. Ilipoingia katika kijiji, watu walijua inakuja kuchukua mtu. Mwenye kofia alikaa mbele, na mtu wetu alikaa nyuma na kamba mikononi.

Sasa mzee aliyesimuliwa mambo hayo na baba yake, akiona kiongozi wake anashuka katika jipi safi, shofere anafungua mlango, walinzi wa leta wenyewe wanatoa salamu, moyo wake unapona kidogo. Furaha hiyo si zambi. Hatutaki kuicheka. Tena tunajua kama mtu wa mji akitembelea kanisa ambalo mkubwa wake anakuja kwa miguu, anaweza kulizarau kanisa zima.

Lakini tumesoma Maandiko na hapo tumekwama. Absalomu alipoanza kutamani kiti cha baba yake, kitu cha kwanza alichojitafutia kilikuwa gari na farasi, na watu hamsini wa kukimbia mbele yake. Uasi wake ulianza na msafara. Naye Naamani, jemadari wa Shamu, alifika na farasi na magari yake yote akasimama mlangoni mwa Elisha. Elisha hakutoka hata kuyatazama. Alituma mtu tu na ujumbe. Heshima ya nabii siku ile ilikaa ndani ya nyumba, na magari yote yalikuwa inje.

Hadisi hiyo wengi wanaimalizia mtoni Yordani. Sisi tunapenda kwenda mbele kidogo, kwa Gehazi. Elisha alikataa zawadi. Ni mtumishi aliyekimbia nyuma ya gari la Naamani na kuomba feza na nguo, na aliomba kwa jina la bwana wake. Elisha hakutaka kitu. Gehazi ndiye alisema Elisha anataka.

Wandugu, mutuvumilie: chini ya mwembe ule, nani amesikia kiongozi wetu akiomba V8? Hatukumsikia. Alipoulizwa alisema neno moja, kwamba tufanye shauri. Ni sisi mashemasi, waimbaji, vijana wa ulinzi, ndio tunaosema kwa nguvu nini inamfaa. Na tuseme kweli yote: nani atakaa katika viti vingine vya jipi hiyo? Kiongozi ana kiti kimoja. Vingine ni vyetu.

Mambo haya si ya kanisa peke yake. Katika mwezi wa sita 2022, wabunge 500 wa Kinshasa walipewa jipi za Hyundai Palisade, na inchi nzima ilisema juu yake, kwa sababu walimu na waaskari walikuwa wakilia mishahara. Wengi wetu tulisema pia, na kwa sauti kubwa. Kule Kenya, mwezi wa sita 2009, waziri wa feza wakati ule, Uhuru Kenyatta, aliagiza wakubwa wa serikali warudishe jipi zao kubwa na kutumia Volkswagen Passat zenye moteri ndogo ya 1800. Wengine walitii, wengine walinung'unika kama watoto walionyanganywa kiti cha mbele. Miaka ikapita, jipi kubwa zikarudi. Inaonekana amri peke yake haitoi tamaa hii ndani ya mtu.

Marehemu Papa Fransisko wa Wakatolika alisema neno ambalo tunalipenda, hata kama sisi si wa kanisa lake. Mwezi wa saba 2013 aliwaambia wanafunzi wa upadri na masista kwamba inamuumiza kuona padri au sista na motokari ya namna ya mwisho kabisa. Hakusema watembee kwa miguu. Alikubali kama motokari ni ya lazima kwa kazi nyingi, ila aliwaomba wachague ile ya unyenyekevu zaidi. Yeye mwenyewe alipanda Ford ndogo.

Sasa mtu wa Kinshasa akisoma hapa atasema: basi munuanue Ford ndogo nanyi. Huyo hajui njia ya Kabongo. Hajui njia ya Malemba-Nkulu wakati wa mvua, ama mchanga wa huku unaomeza gurudumu mpaka katikati. Treni nayo ikikawia inaweza kukawia siku nyingi. Hapa kwetu motokari yenye kuvuta kwa magurudumu mane si anasa. Ni kiatu. Kwa hiyo mpaka kati ya lazima na anasa haupiti kati ya jipi na motokari ndogo. Unapita ndani ya jipi yenyewe. Kila kitu kinachosaidia kufika ni lazima. Kile kinachosaidia kuonekana tu, hicho ndicho tupime.

Tulikwenda kwa mekanisie mmoja wa hapa mjini, mtu asiyesali nasi wala kutafuta kutupendeza. Tukamwonyesha picha ya Dubai. Alicheka. Alisema: hii ikiharibika Kamina, mutaitazama. Akatueleza kwamba moteri za mazutu za siku hizi zinasukuma mazutu kwa nguvu kubwa sana na kwa akili ya ordinatere, na injekta zake hazivumilii uchafu wala maji. Mazutu yetu munajua inauzwa katika bidoni, na bidoni munajua inatoka wapi. Tena wanaolia V8 mpya wajue kwamba Land Cruiser kubwa iliyotoka mwaka 2021 haina V8 tena, Toyota iliweka V6. Tulipoleta habari hiyo chini ya mwembe, wandugu wawili walinyamaza mpaka jioni.

Yeye alisifu Land Cruiser ile ya sura ya sanduku, ya aina ya 70, munayoijua kwa ONG, ambayo ilianza kutengenezwa mwaka 1984. Iliyo na moteri inayoitwa 1HZ, silinda sita, lita 4,2, pampu ya chuma bila ordinatere. Fundi mwenye funguo nzuri na subira anaifungua na kuifunga chini ya mti. Ile ndefu ina mabenchi mawili nyuma. Watu kumi wanakaa, ama mgonjwa mmoja analala. Si ya bei ya maskini, tusidanganyane: hata iliyotumika tayari itapita feza tuliyo nayo, na ikiwa na volani kuume kama nyingi zinazopitia Kasumbalesa, shofere hataona vizuri akitaka kupita kamyo. Lakini ni ya kazi. Wala tusijisifu kwa sanduku hilo. Mtu anaweza kupanda chombo kibaya kwa kiburi kikubwa, ili watu waseme tazama alivyo mnyenyekevu.

Tungeweza kuacha hapo, lakini kuna jambo moja ambalo tumelibeba na ndilo lilitusukuma kuandika.

Mwaka jana, mwezi wa pili, mvua ilikuwa nyingi. Ufunguo wa jipi ulikuwa kwetu. Saa nne usiku mama mmoja wa kanisa alikuja na mtoto mgongoni, mwili moto, macho yamegeuka, anatetemeka. Aliomba jipi mpaka hospitali. Asubuhi jipi ilipaswa kumpeleka kiongozi Kabongo, na mchana ule vijana walikuwa wameiosha na kupaka viti mafuta. Tulitazama matope ya miguu yake. Tukasema: mama, hii ni ya Baba, hatuwezi. Kweli tuliwaza kwamba tunalinda heshima yake. Kijana jirani alimpeleka kwa kinga, katika mvua, mama anakimbia kando akishika mtoto asianguke. Mtoto alipona, ila tangu siku ile sikio moja halisikii vizuri. Kiongozi alipojua, majuma mawili nyuma, hakutukemea. Aliuliza tu: mulisema ni mimi nilikataa?

Ndiyo, tulisema hivyo.

Kwa sababu hiyo, katika mkutano wa komite tutaomba jambo moja kabla ya rangi, kabla ya jina, kabla ya moteri. Iandikwe katika kitabu cha kanisa nani anaweza kuamsha ufunguo usiku, na kwamba mgonjwa haombi ruhusa ya mtu. Mukikubali hilo, tutachagua pamoja, na sisi wenyewe tutaacha kuzania jipi ipi inafaa, maana jipi ambayo matope ya mama yanaweza kuingia ndani yake, tayari tunajua viti vyake havitakuwa vya ngozi nyeupe. Mukikataa, hata ile ya sanduku itakuwa kitu cha kuoshwa na kufungiwa.

Mchango ulipofunguliwa, mtu wa kwanza kuja alikuwa mama yule. Alileta meka nne za mahindi juu ya kichwa, mtoto anamfuata. Alisema: Baba shemasi, hii ni kwa jipi. Tukaandika jina lake kwenye mustari wa kwanza. Mahindi yake yangali katika depo kwa sababu bei ya soko iko chini, na juma hili tumeona vidudu vimeanza kuingia. Komite inakutana siku ya Mungu ya pili ya mwezi ujao, kisha ibada ya asubuhi.