Ridhaa ya Mara Moja

Tarehe 23 Novemba 2022, Mahakama ya Juu ya Ufalme wa Muungano iliamua, bila jaji hata mmoja kupinga, kwamba Bunge la Uskoti halina mamlaka ya kuitisha kura ya maoni kuhusu uhuru wa nchi hiyo bila idhini ya London. Na uamuzi wenyewe sina ugomvi. Sheria ya 1998 iliyoliunda Bunge hilo iliuweka Muungano kati ya mambo ambayo Edinburgh haiyagusi, na majaji walisoma kilichoandikwa. Kilichonikera ni maneno yaliyofuata, ambayo majuzi nimeyasikia tena kwa mtu ninayemheshimu: walishaulizwa, wakajibu, wanataka nini tena?

Maana ya taifa na dola nawaachia wenye vitabu vyao. Inatosha kwamba Uskoti ni nchi yenye watu wake, mahakama zake na sheria zake, iliyoungana na Uingereza mwaka 1707, na kwamba viongozi wa pande zote husema muungano huo ni wa hiari. Msomaji wa Unguja au Dar es Salaam ameshatambua umbo lake: mdogo ana serikali yake, mkubwa hana ya peke yake, hutumia ile ya Muungano. Ninachotaka kujua ni jinsi ridhaa inavyoendelea kuwa ridhaa baada ya kutolewa.

Zipo hoja za haki dhidi ya uhuru huo. Sarafu, pengo la bajeti, mpaka na Uingereza, mnunuzi wake mkubwa kuliko wote: ni mambo mazito, na mpiga kura wa Glasgow ana akili ya kuyapima. Wapo pia wanaouliza kama visiwa vya Shetland, vilivyo ndani ya Uskoti, navyo vingeweza kuikataa Edinburgh. Swali zuri, na jibu lake sinalo.

Lakini hili la "walishaulizwa" halivumiliki. Waliulizwa, ndiyo, tarehe 18 Septemba 2014. Asilimia 55 walikataa, 45 walikubali, na karibu asilimia 85 ya walioandikishwa walijitokeza. Alex Salmond, kiongozi wa upande ulioshindwa, alikuwa amesema kwamba nafasi ile huja mara moja katika kizazi, na tangu hapo kauli yake imegeuzwa mkataba. Haikuwamo kwenye karatasi ya kura. Karatasi iliuliza kama Uskoti iwe nchi huru, basi. Mwanasiasa anayewahimiza wafuasi wasibaki nyumbani hawezi kuiweka rehani haki ya mtoto aliyekuwa na miaka minane siku ile, ambaye mwaka 2022 alitimiza kumi na sita, umri wa kupiga kura katika chaguzi za Uskoti.

Tena walijibu swali la mazingira gani? Mwaka 2014 kambi ya Muungano iliwaambia kwamba wakitoka katika Ufalme wataihatarisha nafasi yao katika Umoja wa Ulaya. Juni 2016 asilimia 62 ya Waskoti waliopiga kura walitaka kubaki Ulaya, na ndivyo ilivyokuwa katika kila moja ya halmashauri zao 32. Wakatolewa, kwa sababu Ufalme kwa ujumla wake ulichagua kutoka kwa asilimia 52. Mtu akikubali jambo kwa sababu fulani, kisha sababu hiyo ikaondolewa na yuleyule aliyempa, kukubali kwake kunasimama juu ya nini?

Na kizazi ni miaka mingapi? Waziri mkuu Boris Johnson alipoulizwa mwaka 2021 alitaja pengo kati ya kura mbili za Ulaya, ya 1975 na ya 2016. Mfano huo ndio unaonikasirisha kupita yote. Mwaka 2016 London haikuomba idhini ya Brussels. Iliamua yenyewe kwamba wakati umefika, ikawauliza watu wake, ikaondoka kwa kifungu kilichokuwa tayari katika mkataba. Aliyejipa haki hiyo anamnyima mwenzake, na ushahidi anaoutoa ni siku ileile aliyojipa. Ndani ya Ufalme huohuo, sheria ya Ireland ya Kaskazini ya 1998 inaruhusu kura ya kuungana na Ireland kurudiwa baada ya miaka saba. Kumbe kizazi ni miaka saba Belfast na arobaini na moja Edinburgh. Kweli, mwaka 2024 SNP, chama kinachopigania uhuru wa Uskoti, kiliporomoka hadi viti 9 kati ya 57 vya Uskoti huko Westminster. Hilo linaonyesha kwamba kingeweza kushindwa kura, halionyeshi kwamba kura isipigwe.

Na kwa kuwa ugomvi ni nani mwenye neno la mwisho, hapa siwezi kuliacha sanduku la posta. Malkia Elizabeth alipotangazwa mwaka 1952 kuwa wa Pili, Waskoti wengi walikasirika: yule wa Kwanza alitawala Uingereza, Uskoti hakuwahi kuitawala. Sanduku jipya lenye namba hiyo katika mtaa wa Inch, Edinburgh, lililipuliwa mwaka 1953, na baadaye masanduku mapya huko yakawekewa taji la Uskoti. Mwaka huohuo Waskoti wawili, John MacCormick na Ian Hamilton, waliipinga namba hiyo mahakamani. Walishindwa. Lakini Jaji Cooper, katika hukumu hiyohiyo, alisema kwamba ukuu wa Bunge usio na mpaka ni kanuni ya Kiingereza isiyo na mwenzake katika sheria ya katiba ya Uskoti. Wanasheria wanaigombania kauli hiyo hadi leo, na mimi ningeisoma kila asubuhi.

Ningependa kusema kwamba dawa ni kuandika miaka, kama kwa Ireland ya Kaskazini. Ila sheria ile nayo inamwachia waziri wa London kupima kama wengi wanaelekea kutaka mabadiliko. Na London naijua kwa vipimo vyake: mwaka 1979 karibu asilimia 52 ya waliopiga kura walitaka baraza lao la kutunga sheria, wakalikosa kwa sababu lilikuwa limewekwa sharti la asilimia 40 ya wapiga kura wote. Nikiikabidhi Edinburgh uamuzi peke yake, chama tawala kitachagua siku kinayoona kitashinda, na Waskoti wasiotaka kuondoka watauliza ridhaa yao inalindwa na nani. Wana haki ya kuuliza, na bado sijui nimpe nani kazi hiyo.