Pambo na Kisu

Suali ninalolileta mbele ya wasomaji ni dogo kwa kulitazama, nalo limenisumbua kwa muda mrefu: chakula kikipambwa, pambo lile husema kweli ya kilichomo ndani, au hukifunika? Washairi tunalijua suali hili kwa sura nyingine. Sisi tunaogombana kila uchao juu ya vina na mizani hatujakubaliana bado kama vina ni mwili wa shairi au ni nguo yake tu. Nimeona afadhali nilipeleke jikoni, kwani jikoni kuna kisu, na kisu hukata shauri upesi kuliko wahakiki.

Jiko nililolichagua ni la Wadachi na jirani zao wa Austria. Kazi ya kufasiri imenifikisha mara nyingi katika maandishi yao, na humo mikate na keki zina kalenda nzima: kuna ya mfungo, ya mavuno, ya wafu, ya ubatizo. Tena naandika haya nikiwa Makandana, katika mji wa Tukuyu, ambao Wadachi waliuita Neu Langenburg na wakaufanya makao ya utawala wao wa wilaya hadi Waingereza walipoutwaa mwaka 1916. Mvua ya hapa hainyeshi, inakaa. Jioni baridi ya Mlima Rungwe ikishuka, hata mtu wa pwani kama mimi huelewa kwa nini watu wa nchi za baridi waliifanya tanuri kuwa moyo wa nyumba.

Tuanze na mkate wao wa Krismasi uitwao Stollen, ambao mji wa Dresden unajivunia kuliko miji yote. Ni mkate mzito wa zabibu kavu, lozi na maganda ya machungwa, uliopakwa siagi ukafunikwa sukari ya unga hadi ukawa mweupe pe. Weupe ule, inasemekana, ni nguo alizovishwa mtoto mchanga Yesu. Lakini mkate huu haukuzaliwa mtamu. Siku za kuingojea Krismasi zilikuwa za mfungo, siagi ilikatazwa, na watu waliukanda kwa mafuta, hadi mwaka 1491 Papa Innocent wa Nane alipowaruhusu watu wa Saxony kutumia siagi kwa sharti la kutoa malipo. Basi ndani ya mkate mmoja mna imani, mna ulafi, na mna ushuru. Pambo la juu linataja la kwanza tu.

Mimi nampa heshima zaidi ndugu yake wa Austria, mkate wa Siku ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, ambao wazazi wa ubatizo huwapelekea watoto wao. Jina lake ni refu kama kamba, Allerheiligenstriezel, na lenyewe limesukwa kama nywele. Wanaosimulia asili yake husema kwamba hapo kale wanawake waliofiwa walikata misuko yao kuomboleza, kisha unga ukachukua mahali pa nywele. Aliyepata kuona wanawake wa kwetu wakinyolewa kwa msiba hahitaji kufafanuliwa. Katika mkate huu pambo si kitu kilichoongezwa baadaye. Ukiuondoa msuko hapabaki mkate, linabaki donge. Na mtoto anayeukata na kuula anakula huzuni ya watu wa kale bila kujua, akifurahia sukari.

Hali kadhalika vile vibiskuti vyao viitwavyo Springerle, vinavyogandamizwa kwa kibao kilichochongwa maua, ndege na wapanda farasi. Nakshi inaingia katika unga ule ule, kama nakshi ya mlango wa Unguja iliyochimbwa katika ubao wenyewe, wala haikubandikwa. Keki ya Sacher, iliyobuniwa Vienna mwaka 1832, karibu haina pambo ila ngozi yake ya chokoleti na kijimuhuri. Hata hivyo nyumba mbili za mji ule zilishitakiana miaka mingi juu ya ipi iitwe ya asili, na ugomvi haukumalizika mpaka 1963. Katika hoja zao mlikuwamo suala la kama jamu ya aprikoti ikae katikati ya keki au chini ya chokoleti tu. Nasi husema washairi ndio wapendao ugomvi!

Hapa sina budi kusimama, maana uzuri wote niliousifu unaweza nao kuwa sukari ya unga. Watu hawa waliojua kuusoma msiba katika msuko wa mkate ndio ambao serikali yao, katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, iliamuru mashamba na maghala ya kusini yachomwe moto ili njaa imalize kilichoanzwa na bunduki. Makisio ya waliokufa huanzia 75,000 na kufika 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Vita vile havikufika Rungwe, lakini amri zilitoka katika serikali ile ile iliyokaa katika boma la hapa. Sisemi kwamba mwokaji wa Dresden aliwasha moto ule. Nasema kwamba anayeeleza desturi tamu za taifa na kuyaacha maghala nje ya kitabu amepamba, na pambo lake ni la aina ya kufunika. Lugha yetu, ambayo haina haya, imehifadhi kutoka kwa Wadachi neno shule na neno hela. Jina la kitu kitamu hawakutuachia. Hata keki tuliipokea kinywani mwa Mwingereza.

Hata hivyo kuna mkate mmoja wa Kidachi ambao naona uliingia nchi hii uso wazi. Wamoravian wa Herrnhut, waliofungua kituo chao Rungwe mwaka 1891, wana desturi iliyoanza kwao mwaka 1727 ya karamu ya upendo: watu huketi kanisani, huimba, na hugawana mkate mdogo mtamu na kinywaji cha moto. Mkate ule haupambwi. Nao Wanyakyusa walikuwa na neno lao, ukwangala, yaani kukaa pamoja kwa uzuri, kula na kunywa na kuzungumza na wenzio. Monica Wilson, aliyeishi nao miaka ya 1930, alilifanya neno hilo kuwa kiini cha kitabu chake cha 1951. Mwenye uchu wa nyama na maziwa, anayetamani kula bila wenziwe, alishukiwa uchawi. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo mgeni na mwenyeji walikuwa karibu zaidi kuelewana bila mkalimani.

Sasa keki za harusi za Makandana. Nimeona mnara wa ghorofa tano, mweupe, wenye maua na lulu za sukari. Bibi harusi na bwana harusi walikata ghorofa ya juu. Zile za chini hazikukatwa na yeyote, kwa kuwa yalikuwa maboksi yaliyopakwa sukari. Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti, na mimi nilikuwa tayari kumaliza makala hii kwa methali hiyo. Ila nilimwendea mwokaji, mama mmoja anayeoka kwa sufuria, moto chini na moto juu ya kifuniko, nikamuuliza kama haoni ni uongo.

“Baba,” akasema, “watu wamechangishana mpaka wamechoka. Wanataka wageni waone furaha yao kutoka mlangoni. Lile boksi si uongo, ni kiti. Keki nayo inataka kiti.”

Jibu hili lilinishinda kwa siku mbili. Ni kweli kwamba heshima ya kitu huhitaji mahali pa kukaa; hata shairi husomwa jukwaani. Lakini kiti hakivishwi kanzu kikahesabiwa miongoni mwa wageni. Kama maboksi yale yangeachwa yaonekane maboksi, au yakavikwa kitambaa, nisingekuwa na neno. Ubaya wake ni kuahidi utamu kwa watu mia tatu huku kisu kikijua kwamba hakitafika huko. Hapo ukwangala unavunjika: mgeni amelishwa macho, tumbo limeachwa.

Nikarudi kumwambia. Alisikiliza huku anapepea mkaa, hakubishana. Kisha akaniambia habari ya zile keki ndogo ambazo maharusi huwapelekea wazazi wa pande zote mbili, wakipiga magoti. “Hizo, baba, hata wakinilipa mara mbili siweki boksi. Mama mkwe anaibeba nyumbani, anakata mwenyewe, anawaita na majirani.” Nikamuuliza huzipamba kwa nini. Akasema huandika ‘Asanteni’, na sukari ikibaki huweka ua moja. Jumamosi hiyo alikuwa na mbili za kuoka, na mkaa wote ulikuwa umelowa.