Balbu, Bomba na Safari ya Usiku

Mjukuu wangu, umehitimu mafunzo ya upelelezi na jalada la mauaji halitakuchelewa. Humo utamkuta mtu aliyefanya vituko baada ya tukio: kazima simu, kalala kwa rafiki, kazunguka njia ndefu, polisi hakufika. Wenzako watasema papo hapo, "Asiye na hatia hafanyi hivyo." Hufanya, tena sana. Mmoja anaogopa kushukiwa, mwingine anaficha hawara au deni. Safari kuwa ya ajabu si neno. Neno ni hili: je, maelezo yake yanatosha kila kituo cha safari ile, pamoja na vitu ambavyo hakujua utavikuta?

Msome Lord Lucan wa Uingereza. Usiku wa tarehe 7 Novemba 1974, jijini London, yaya wa watoto wake aliuawa kwa kupigwa bomba la madini ya risasi kwenye chumba cha chini cha nyumba alimoishi mkewe, waliyekuwa wametengana. Mke naye alipigwa kichwani, akaponea chupuchupu, akakimbilia baa ya jirani akivuja damu na kumtaja mumewe.

Lucan alimpigia mama yake simu, kisha akaendesha gari la kuazima hadi Uckfield, kwa marafiki. Huko alisimulia kwamba alikuwa akipita nje, akaona kupitia dirisha la chini mwanamume akipigana na mkewe. Akaingia, akateleza kwenye damu, yule mtu akatoroka. Mkewe, alisema, alimshuku kuwa ndiye aliyemkodi muuaji. Akaandika barua, akaondoka baada ya saa saba usiku. Gari lilikutwa Newhaven, mji wa bandari. Yeye hajaonekana mpaka leo.

Wengi humtia hatiani kwa kule kukimbia. Mimi hilo ningeliweka kando. Mume aliyekwisha kugombea watoto na mkewe mahakamani ana sababu ya kuogopa hata akiwa hana hatia. Damu iliyokutwa garini? Kasema aliteleza. Kufikia hapo simulizi linashangaza, lakini halijavunjika.

Sasa njoo kwenye balbu. Balbu ya chumba kile ilikuwa imetolewa. Chini kulikuwa giza. Aliyepita barabarani aliona nini? Kisha fungua buti ya gari: kipande kingine cha bomba la risasi, kimezungushiwa utepe, kinafanana na kile kilichotumika kuulia. Mgeni aliyevamia nyumba alikiingizaje humo? Watetezi wake wana majibu, nawe yasome, lakini mimi hayajanitosha.

Juni 1975, jopo la uchunguzi wa kifo lilimtaja kuwa muuaji, hali mwenyewe hayupo kujitetea. Mwaka 1977 sheria iliyaondolea majopo hayo mamlaka ya kumtaja muuaji namna ile, na naona ni sawa. Kushawishika kwangu mimi si hukumu ya mahakama.

Upande wa pili yupo Lindy Chamberlain wa Australia, aliyepotelewa na mtoto mchanga mwaka 1980. Watu walimwona mkavu mno kwa mama aliyefiwa. Kilichodhaniwa damu garini kikamsukuma kwenye kifungo cha maisha mwaka 1982. Mwaka 1986 koti la mtoto likapatikana karibu na mapango ya dingo, mbwa mwitu wa kule, naye akaachiwa. Uchunguzi wa 2012 ulithibitisha kwamba dingo ndiye aliyemchukua mtoto.

Kwetu sheria ya ushahidi inaruhusu kutazama mwenendo wa mtuhumiwa baada ya kosa. Lakini tangu kesi ya Simoni Musoke, 1958, mahakama zetu zinasisitiza kwamba ushahidi wa mazingira usiache maelezo mengine yoyote ya maana isipokuwa hatia.

Kwa hiyo mwache asimulie mpaka mwisho kabla hujamwonyesha ulichonacho. Ukimtangulizia, atashona simulizi kwa kitambaa chako. Kisha pima saa kwa saa: mnara gani ulipokea simu yake, miamala ya simu ilifanyika wapi, nani alimbeba. Usiku nenda kwenye dirisha alilosema alichungulia, nawe uchungulie. Na lile linalokushangaza tu, bila kugongana na jambo lolote ulilopima, liandike kwenye karatasi yake peke yake, wala usilihesabu pamoja na ushahidi unapompelekea mwendesha mashtaka jalada.