Kijiko cha Chai

Shangazi yangu anakula wali kwa kijiko cha chai. Si ati hana vijiko vikubwa, ni mdomo haufunguki vya kutosha. Ana skleroderma: kinga ya mwili inamgeuka mwenyewe, mwili unatengeneza kolajeni kupita kiasi, na ngozi inakuwa ngumu, imewambwa kama ya ngoma. Baridi ya Julai ikishika Nairobi, vidole vyake vinageuka vyeupe, kisha bluu. Hiyo tulishazoea. Mdomo ndio umekataa kuzoeleka.

Daktari wa ngozi alimweleza kuhusu leza ya kaboni dioksidi. Inatoboa vitundu vidogo sana na kuacha ngozi nzima katikati yake, ili ngozi inapojiponya iipange upya kolajeni. Kuna wagonjwa waliofanyiwa kuzunguka midomo wakaweza kufungua zaidi kidogo. Haiponyi ugonjwa. Kwenye mapafu na figo, ambako skleroderma huua watu, leza haifiki.

Bima ikajibu kwa mstari mmoja: huduma ya urembo, hailipiwi.

Nilikasirika sana. Lakini wacha niseme ukweli. Binamu yangu alipoanzisha mchango kwenye grupu la familia, mimi pia nilisita. Zilipokuwa dawa za mapafu, nilituma pesa kabla sijamaliza kusoma meseji. Safari hii nilikaa siku tatu. Nilikuwa nawaza: ana miaka 58, mumewe alishafariki, uso laini wa nini? Wueh. Kumbe mimi na karani wa bima tunakalia dawati moja.

Ningeweza kujitetea kwa hesabu. Mdomo usiofunguka unakonda mtu. Daktari wa meno hawezi kuingiza kioo chake, jino linaoza. Kwa hivyo leza ni tiba, kesi imeisha. Ila nikishinda hivyo, nimekubali kwamba mambo mengine ya mdomo hayahesabiki. Shangazi ndiye aliyekuwa akicheka kwa sauti kuliko wote kwenye harusi zetu. Siku hizi anacheka akiwa amejifunika leso. Tuseme leza ingemrudishia kicheko tu, meno yabaki vile vile. Ningetuma?

Na msiniambie kwamba bila shaka. Kwenye grupu hilo hilo kuna kijana anayetafutiwa karo ya muhula wa pili. Pesa ni zile zile, na watoaji ni wale wale sita tunaojulikana. Sijui mizani ya kupimia kicheko cha mama mzima dhidi ya dawati la mtoto, na wanaodai wanayo huwa hawatoi chochote.

Mwishowe nilimpigia nikamuuliza anataka leza ya nini. Swali lisilo na adabu, najua.

“Mwanangu, nataka kuuma embe,” akasema. “Nimechoka kukatiwa.”

Nilituma jioni hiyo. Anaanza Alhamisi. Bado anadhani nilichelewa kwa sababu mshahara haukuwa umeingia.