Je, Urahisi ni Adui wa Elimu?

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Lakini siku hizi watoto wetu wamepata vyombo vinavyowaletea cha mvunguni hadi mkononi. Wazazi wa Ukonga, sawa na wenzao wa Tabora au Moshi, wanauliza: mtoto anayejifunza kuandika programu za kompyuta kwa msaada wa vyombo hivyo, je, anajifunza kweli? Swali hili si la mafundi peke yao. Ni swali la uadilifu, nalo lastahili jibu.

Kwanza yatupasa kutambua kwamba kumrahisishia mwanafunzi si jambo jipya. Mwaka 1964, katika chuo cha Dartmouth, Marekani, walimu wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz, walitunga lugha ya BASIC, ili hata wanafunzi wasiosoma sayansi waweze kuiamuru kompyuta. Mwaka 1967 Seymour Papert, mzaliwa wa Afrika Kusini, pamoja na wenzake walitunga Logo, ambayo baadaye ilipata kobe wake mashuhuri. Mtoto humwamuru kobe aende mbele hatua 100, ageuke kulia nyuzi 90, arudie hayo mara 4, na mraba umekamilika. Mwaka 2007 ikatolewa Scratch, ambayo maagizo yake hupachikwa kama matofali. Hupatikana bure, tena hata kwa Kiswahili.

Vyombo hivi viliondoa miiba ya njiani: nukta iliyosahauliwa, neno la kigeni lililoandikwa vibaya. Havikuondoa mwendo wenyewe. Kobe akienda kombo, mtoto hana budi kutafuta ni amri ipi aliyoikosea. Kuondoa miiba ya namna hiyo ni haki, hasa kwa mtoto ambaye darasa lake limejaa na Kiingereza chamtatiza.

Tangu mwaka 2022 vimeenea vyombo vya namna nyingine, vya akili mnemba. Mtoto hueleza anachotaka, na programu nzima huandikwa mbele ya macho yake. Hapa mwiba umeondoka, na mwendo nao waweza kuondoka. Mtoto amefikishwa, lakini hakutembea.

Wengine watajibu kwamba fundi cherehani hafumi kitambaa, wala hakuna amwitaye mwongo. Ni kweli. Lakini fundi huyo akiletewa kitambaa kibovu hukitambua na kukikataa, na nguo ikimbana mteja yeye ndiye huifumua. Tuseme kijana wa Ukonga ameombwa na akina mama wa kikoba awatengenezee programu ya kugawa faida. Akili mnemba yamwandikia, naye apokea ujira. Mwisho wa mwaka hesabu haziafikiani, na mama mmoja apunjwa akiba yake. Nani atajibu? Mashine haiwezi kuitwa kikaoni. Kijana aliyepokea ujira kwa kazi asiyoweza kuieleza wala kuisahihisha ameuza dhamana asiyokuwa nayo. Hapo ndipo ulipo ubaya, wala si katika kusaidiwa.

Hata hivyo, kukataza si dawa. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini, baada ya hesabu za mashine iliyowekwa Wizara ya Fedha kuharibika. Baadaye mlango ulifunguliwa tena, kwa maana nchi haijifunzi kutumia chombo kwa kukifungia nje.

Basi wazazi tufanye lililo katika uwezo wetu. Hata mzazi asiyepata kugusa kompyuta aweza kumketisha mwanawe na kumwuliza: Mstari huu unafanya kazi gani? Ukiuondoa, kutatokea nini? Utajuaje kama jibu ulilopewa ni kosa? Tena amwagize aitumie akili mnemba kama mwalimu, aiulize sababu ya kosa lake, badala ya kuiagiza kama mtumishi amalize kazi.

Mtoto akijibu vema, tumsifu, maana kazi ni yake hata kama alisaidiwa. Akishindwa, tusimkaripie wala tusimnyang'anye chombo. Turudi naye nyuma kwa subira, kwenye kobe na mraba wake, hadi aweze kusema kwa kinywa chake kwa nini pembe zile ni nne.